Mbwa Wetu Amerudi Bubu

Ndugu Mwalimu wa Mbwa,

Salamu sana. Basi, kama nilivyokuwa nakueleza jana pale getini kwako, kabla hujanikatiza eti una haraka, shati limepigwa pasi, manukato yanakutangulia kama mtu anayekwenda kupigwa picha: mbwa wetu Spika umetuharibia. Leo naandika, maana karatasi huwezi kuifungia geti.

1. Tulimwita Spika kwa sababu ya sauti. Mtu akikanyaga tu kichochoro chetu, anabweka, mimi natoka na ufagio, najua nani kaenda kwa nani. Wifi yangu akakuletea, eti mbwa ana kelele. Amerudi bubu! Anakaa mlangoni, miguu pamoja, kama anasubiri kuitwa na daktari. Watu wanapita, mimi niko jikoni nachambua mchele, sina habari.

2. Ndiyo maana fundi cherehani, jirani tunayegawana naye ukuta, kaposwa, mchumba anakuja kila jioni, na mimi nimekuja kuambiwa saluni! Msusi ananiuliza, "Dada, huyo bwana mwenyewe yukoje?" Nikamuuliza, "Bwana yupi?" Walicheka mpaka aliyekuwa kwenye draya akatoa kichwa. Mwalimu, mtaa huu anayetaka habari anakuja kwangu. Sasa wataanza kwenda kwa muuza maji, na yule hata kusimulia hajui.

3. Huyo mchumba naye ni mwanamume gani, ananyata kama paka aliyeiba samaki? Mwenye nia safi angekubali kubwekewa.

4. Wifi sasa hashikiki. Kanunua filimbi kama yako, anatunyooshea kidole: "Kaa!" Juzi mume wangu alikaa. Kiti chenyewe hakikuwepo.

5. Na wewe, mtu mzima na kaptula yako, unampa mbwa biskuti kwa kunyamaza. Kunyamaza nako ni kazi? Mimi naambiwa ninyamaze tangu nizaliwe, mbona sijaona hata kipande?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, umrudishe Spika darasani umfundishe kubweka upya, na kile cheti chake ukichane mbele yake, aone aibu.

Nisalimie wa nyumbani kwako, kama wapo, na wanafunzi wako wote wenye mikia.

Ni mimi mwenye uchungu,
Mama wa nyumba ya kona

Nyongeza: Mwalimu, usichane kitu! Nilikuwa natafuta bahasha, nikasikia kicheko upande wa pili wa ukuta. Nikapanda juu ya ndoo, nikachungulia. Spika akaja akakaa chini yangu, kimya, adabu tele. Zamani ningegusa ndoo ile tu, angenitangaza mtaa mzima. Nikamwona mchumba. Shati lile lile la pasi! Shemeji! Kumbe ndiyo ile haraka! Atakubwekeaje mwalimu wake? Namba tatu yote naifuta. Namba tano nitaifikiria. Spika mwache hivi hivi, hakuna mbwa kama yeye. Ila niambie upesi, harusi lini, nikimbilie saluni kabla hawajafunga, yule msusi leo atanitam...

Ngoja, wifi anapuliza filimbi uani. Sijui anaitwa Spika au naitwa mimi, lakini tumeinuka wote.