Hotuba ya Kufunga Mradi wa Kutompigia Daktari Simu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni Baba yako, mwanangu, Mlinzi Mstaafu wa Geti Kubwa, Mkuu wa Redio na Mlezi wa Kikohozi Kisichoisha. Mheshimiwa Bibi yako, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kiti cha Dirishani, ambaye hasikii vizuri lakini kwa makofi anatushinda wote. Mheshimiwa Shangazi yako, Msemaji wa Upinzani, ambaye nimemwomba asinikatize na ninajua atanikatiza. Mheshimiwa Mdogo wako Msusi, Katibu Mkuu na Mtunza Vitana, ambaye atazipiga picha kurasa hizi na kukutumia moja moja, kwa hiyo ukiona nyingine imekatwa kichwa usinilaumu mimi. Mheshimiwa Paka, asiye na wizara. Na zaidi ya wote wewe mwanangu uliye mbali, Daktari, Bingwa Mtarajiwa wa Magonjwa ya Wanawake na Uzazi, ambaye hupo ukumbini lakini kiti chako kipo, na juu yake tumeweka kile kitabu chako kizito ambacho Baba alikuwa anakiweka mlangoni ili mlango usijifunge: salamu, salamu, na salamu tena, maana itifaki inataka tatu. Sisi wote wazima. Bibi mzima, goti ni lile lile. Baba mzima, kikohozi ni kile kile. Shangazi mzima kupita kiasi.

(Makofi. Bibi anauliza nani anaolewa.)

Ndugu wananchi wa sebule hii, nimesimama mbele yenu Jumapili ya leo baada ya chakula cha mchana, nikiwa nimeshika mwiko badala ya kipaza sauti, mimi fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule tatu na nusu, mhitimu wa darasa la nne mkondo B, nikiwa katika nafasi yangu ya Mwenyekiti, Mratibu, Mshauri Mwelekezi na Mtathmini Huru wa Mradi wa Kutompigia Daktari Simu, kwa kifupi MKUDASI, ambao leo hii, kwa furaha isiyo na kifani, ninaufunga rasmi baada ya mafanikio makubwa, ya kujivunia, ya kupigiwa mfano na majirani wa kulia na wa kushoto.

(Makofi. Shangazi: "Mafanikio gani?" Mwenyekiti anajifanya hajasikia.)

Wananchi watakumbuka kwamba wiki sita zilizopita Daktari alipiga simu akatamka maneno yafuatayo, nanukuu: "Mama, nakuomba kwa heshima zote, msinipigie mpaka nimalize mtihani wa bodi. Ukiniuliza nimekula nini, nasahau nilichokuwa nasoma." Mwisho wa kunukuu. Na sisi, tukiwa uongozi sikivu, hatukulala. Papo hapo tuliitisha kikao cha dharura jikoni, tukaunda mradi wenye dira, dhamira, mpango kazi, sekretarieti na kamati ndogo tano, ambazo kwa sababu ya uchache wa watu zote ni mimi.

Kwa faida ya Bibi, na kwa faida ya kumbukumbu za baadaye, nieleze kwamba mtihani huu wa bodi ndio unaomfanya daktari aitwe bingwa, na una sehemu mbili. Ile ya kuandika Daktari wetu aliivuka mwaka jana kwa alama za kung'ara. Ile ya mdomo ndiyo ilimkwamisha. Wamekaa watahini watatu nyuma ya meza, miwani puani, wakamuuliza kitu anachokijua kama jina lake, na sauti ikamkimbia. Dakika nzima, hakuna neno. Alinisimulia hapa hapa kwenye kochi, amelaza kichwa mapajani mwangu, mtu mzima anayezalisha watoto wa watu. "Mama, jibu lilikuwa hapa," akashika koo. "Likakataa kutoka." Na Jumatano hii anarudi mbele ya watahini wale wale, na akikwama tena, bodi yao haimpi nafasi nyingine mpaka ipite miaka mitatu.

(Baba anazima redio. Mwenyekiti anakunywa maji, yanampalia, Katibu Mkuu anampiga mgongoni.)

Naendelea! Kuhusu utekelezaji. Katika wiki ya kwanza, kamati ndogo ya miundombinu iliichukua simu ya nyumba hii, ikaiviringisha kwa kitambaa cha sare, na ili kuondoa vishawishi ikaishona, narudia, ikaishona kwa mashine, mshono wa mara mbili, ikaifungia kwenye droo ya cherehani, ambako ililia kama kuku aliyefunikwa tenga mpaka chaji ikaisha, na sisi tukaendelea na maisha kama watu wenye msimamo. Utafiti uliofanywa na mimi mwenyewe kwa uwazi na ukweli unaonyesha kwamba simu zilizopigwa kutoka simu ya nyumba hii kwenda kwa Daktari katika kipindi chote cha utekelezaji ni sifuri, sawasawa na asilimia sifuri nukta sifuri, takwimu ambayo haijawahi kufikiwa tangu simu iingie kwenye ukoo wetu.

(Makofi mazito. Shangazi: "Simu ya nyumba hii, ndiyo! Waambie na ya fundi viatu!" Mwenyekiti anamtaka Msemaji wa Upinzani aheshimu kanuni za kikao na ateremshe miguu mezani.)

Aidha, pamoja na hayo, sambamba na hilo, kamati ndogo ya rasilimali elimu ililiokoa daftari la kijani ambalo Daktari alilisahau juu ya kabati, lenye maswali mia mbili na arobaini ya mtihani wa mdomo, kutoka kwenye makucha ya Mheshimiwa Paka, na kila mchana Katibu Mkuu, mikono ikiwa kichwani kwa mteja, amekuwa akiyasoma kwa sauti ili familia ipate uelewa mpana. Leo hii Baba anajua kondo la nyuma ni nini. Wateja wa Katibu Mkuu wanaondoka na nywele zimesukwa na dalili za hatari sita wamezishika kichwani.

(Baba: "Saba." Makofi kwa Baba.)

Ninaahidi, na ahadi yangu ni deni ambalo nyote mna haki ya kunidai, kwamba katika awamu ya pili tutajenga kituo cha kisasa cha utulivu hapo tulipoweka mapipa, chenye benchi moja la kusubiria majibu na miti miwili ya kivuli, ingawa hapo hautaota hata mti mmoja kwa sababu ni sakafu. Kabla sijashuka jukwaani naomba mnyooshe mikono juu. Daktari!

(Wote: "Asome!")

Mama!

(Wote: "Atulie!" Bibi: "Aolewe!")

Mwisho kabisa, naomba kutoa shukrani zangu za dhati kwa wadau waliofanikisha mradi huu. Namshukuru fundi viatu wa pale kona, kwa kuniazima simu yake mara nne. Namshukuru dada wa duka la dawa, mara mbili. Namshukuru mwalimu mkuu ninayemshonea sare, mara tatu. Namshukuru dereva wa lori la mchanga, ambaye hatufahamiani na alikuwa anapita tu, mara mbili.

(Shangazi amesimama juu ya kochi. Baba amejifunika uso kwa gazeti, gazeti linatikisika.)

Haya, nimesema. Mradi haujawahi kuwepo, mwanangu. Ulidumu siku moja na nusu, na ile nusu nilikuwa nimelala.

Yule mama aliyekuwa anapiga akiulizia duka la saruji ni mimi. Nilibana pua na kuziba mdomo kwa kitambaa. Mara ya kwanza nilitaka kusikia tu "haloo" yako nikate, nijue sauti ipo. Badala yake nikauliza kama hapo ni duka la saruji, ukasema, "Hapana mama, umekosea namba, hapa ni kwa daktari." Mdomo ukanitangulia: "Daktari! Bahati iliyoje! Hebu nisaidie, mkwe wangu ana mimba ya miezi minane, kichwa kinamuuma na anasema anaona nyota mchana." Lilikuwa swali la kumi na mbili kwenye daftari, Katibu Mkuu alikuwa amelisoma asubuhi ile.

Mwanangu, hukunyamaza hata kidogo. Ulisema, "Mama, nisikilize vizuri. Hilo si la kusubiri. Hiyo inaweza kuwa presha ya mimba, na inaweza kumletea kifafa. Mtoeni sasa hivi, mpelekeni hospitali, wampime presha na mkojo, na mwambieni muuguzi haya haya mliyoniambia mimi. Yuko wapi? Yupo na nani?" Nilikata simu nikajikuta nimeshachukua mkoba, nataka kumkimbiza hospitali mkwe nisiye naye.

Hapo naomba radhi, maana najua ulihangaika. Jioni uliipigia namba ile ile kumuulizia, akapokea fundi viatu, ambaye hana mke wala mkwe, na kwa hofu akakwambia anaendelea vizuri na amejifungua mapacha. Hakuna mapacha. Kwa hilo nimemkemea, naye akanikemea.

Kuanzia siku hiyo nikawaondoa wagonjwa, nikawa nakuuliza kama mama mwenye kupenda kujua tu. Damu isiyokatika baada ya kujifungua, ukanipanga hatua kwa hatua: ita watu, sugua tumbo pale juu ya mfuko wa uzazi, choma dawa ya kuukaza, angalia kondo limetoka lote. Bega la mtoto likikwama, ukanieleza miguu ya mama ikunjwe mpaka tumboni, na dereva wa lori aliyekuwa anasikiliza akavua kofia. Mara ya saba nilishindwa kujizuia nikasema, "Na wewe daktari, umekula?" Ukasema, "Nimekula, mama. Mkate na yai." Halafu ukacheka. Sijui ulicheka nini.

(Shangazi: "Alijua tangu siku ya kwanza, wifi! Nani mwingine anauliza saruji halafu anauliza umekula?" Mwenyekiti anasema haiwezekani, alibana pua.)

Basi kama ulijua, ulikuwa unaongea na mama yako. Na kama hukujua, ulikuwa unaongea na mtu baki aliyekushtukiza mchana mikono yako ikiwa na kazi. Vyovyote vile nimehesabu: mara kumi na moja umeulizwa kwa mdomo, mara kumi na moja umejibu mpaka mwisho, na sauti haikukimbia popote. Hiyo ndiyo takwimu pekee ya kweli katika hotuba hii, na nimeiandika kwa herufi kubwa nyuma ya jalada la daftari.

Kwa hiyo Jumatano ukiingia, wasalimie wote watatu, kaa, nyoosha mgongo. Halafu yule wa katikati mwenye miwani, usimwone mtahini. Mwone ni mama mmoja amekosea namba, anatafuta saruji, na mkwe wake yuko taabani. Mwambie cha kufanya.

(Makofi. Bibi amelala. Baba anasema andika kwamba na yeye anasema hivyo hivyo.)

Nasikitika kutangaza kwamba ili kuipata simu ya nyumbani imebidi nifumue mshono wote wa mara mbili. Iko mezani mbele yangu, imejaa nyuzi, chaji imejaa. Tujibu upesi, mwanangu. Jumatano ukitoka mbele ya watahini, kabla hujavua koti, kabla hujanywa maji, piga, liwe jema au liwe baya. Na kama maneno yatagoma kutoka, uliza tu kama hapa ni duka la saruji.

Nitasema ndiyo.