Mama, Naomba Uharibu Mazingira Kidogo

Mradi wa Kaya Kijani,
Ofisi ya Bariadi.

Kumb. Na. KK/BRD/MAMA/1

Mama Felisita Mboje,
Bukundi, Meatu.

YAH: OMBI LA KUHARIBU MAZINGIRA KWA MUDA MFUPI

Mpendwa Mama,

Mwangaluka, mayu. Naandika kuhusu jambo lililotajwa hapo juu, nami nakuomba usome hadi chini kabla ya kukasirika, na usome ukiwa umekaa. Nimetumia muundo wa barua ya kikazi kwa sababu jambo lenyewe ni la kikazi, siyo kwamba nimeanza kujisikia. Hiyo kumbukumbu namba nimeiweka kwa mazoea tu. Jalada lako bado halijafunguliwa.

Kama nilivyokueleza kwenye simu kabla chaji haijaisha, mkataba wangu wa ukarani wa masjala unaisha mwezi huu. Mkuu wetu, Bi Eufrasia, ameamua kwamba kila anayetaka kuongezewa mkataba aonyeshe kwanza kuwa kaya ya kwao imeacha tabia zinazoharibu mazingira na kuanza zinazoyatunza. Inapigwa picha ya "kabla", kisha picha ya "baada", zinabandikwa ukutani, na wageni wa mradi wanakuja kuzitazama huku wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Chumba changu hapa mjini kilikataliwa kuwa kaya, kwa vile kina kitanda na ndoo tu. Ndiyo maana nikaandikisha kwako.

Niliandikisha kwa furaha, Mama. Nilijisemea kwamba kwenu hakutakosa mabaya ya kutosha. Lakini Dada Wema, yule mtathmini aliyekuja kukuhoji, alirudi ofisini ameshika dodoso lake kama mtu anayetoka msibani. Kila penye swali la tabia mbaya ameandika "hakuna". Bi Eufrasia akaniita ofisini kwake.

"Nkinda," akasema, "mwenzako Justina mama yake alikuwa anachoma matairi apate moto wa kupikia. Juzi ameacha. Umeona mstari wake ulivyopanda? Sasa wa kwenu niuchore utoke wapi uende wapi?"

Nilisema "Samahani, bosi", kwa niaba yako.

Kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi, naomba kuwasilisha malalamiko yangu kama ifuatavyo:

1. Kuhusu maji. Mradi unataka kaya ipunguze upotevu wa maji. Mama, huwezi kupunguza kitu ambacho hukifanyi, na hapo ndipo unaponiangusha. Maji ya kuoshea mchele unawapa kuku. Maji ya kunawa unayanawia juu ya mchicha. Dada Wema anasema alikaa kwako tangu chai hadi chakula cha mchana akisubiri tone moja lipotee ili alipige picha, na alipomwaga yeye mwenyewe kikombe chake kwa makusudi, ulimsogezea mche wa mpapai chini yake. Naomba kuanzia sasa umwage ndoo moja njiani kila asubuhi, mahali panapoonekana vizuri. Najua kisima kiko mbali. Mama Ng'washi wa jirani akiuliza, mwambie umeteleza.

2. Kuhusu taka. Uliombwa uonyeshe shimo la taka, ukamjibu mtathmini, "Taka gani?" Jibu hilo limesomwa kwenye kikao, Mama, mbele ya watu wenye shahada. Uliombwa uonyeshe walau chupa moja ya plastiki iliyotupwa. Ukasema hii ina chumvi, hii ina mafuta ya taa, hii ina mbegu za mchicha, na ile pale usiiguse ina kazi. Kwa hiyo nimekutumia kwa basi gunia zima la chupa tupu, tulizokunywea maji kwenye semina ya kupunguza matumizi ya plastiki. Naomba uzitawanye uani kwa namna inayoonekana ya kawaida. Naomba sana, na hapa napiga magoti kwa maandishi, usizioshe. Usizigawe kwa majirani. Usizikate kuwa vikombe vya kupimia maziwa. Nakujua.

3. Kuhusu taa. Swali lilikuwa rahisi: "Je, unaacha taa ikiwaka mchana?" Ulisema, "Ng'wana wane, taa ya nini na jua lote hili?" Mtathmini hakupata kisanduku cha kuweka jibu hilo, akaandika "hakujibu". Tafadhali washa ile taa ya sola asubuhi na uiache hadi jioni. Ikiishiwa chaji gizani, mtavumilia.

4. Kuhusu usafiri. Wafanyakazi wengine ndugu zao wamepunguza safari za gari na pikipiki. Baba mdogo Masalu anakwenda mnadani kwa baiskeli, shambani kwa baiskeli, na kanisani kwa baiskeli akiwa amembeba bibi. Hana pa kupunguzia. Nilimpigia nikamwomba, kwa adabu, awe anakodi bodaboda walau kwenda kwa Mama Ng'washi na kurudi. Akasema, "Nkinda, huko Bariadi wamekuroga? Nipande pikipiki kwenda nyumba ambayo mbuzi wangu wako kwenye uzio wake sasa hivi nawaona?" Nikamwambia ndiyo, na ikiwezekana dereva aache injini ikiunguruma wakati wa maongezi. Alikata simu. Naomba uzungumze naye wewe, wewe anakusikia.

5. Kuhusu chakula kinachoharibika. Huku tumefundishwa kwamba chakula kinachooza ni adui mkubwa wa dunia. Kwako hakiozi. Viazi mnavikata michembe na kuvianika, vinakaa hadi msimu mwingine. Ugali ukibaki unaliwa asubuhi na chai, ukoko unaliwa na mbwa Simba. Naomba kitu kimoja kioze, Mama. Sikuchagulii. Nimeshatubu mapema kwa ajili ya ombi hili, kwa sababu nakumbuka ulivyonifinya nilipobakiza wali Krismasi. Lakini kwanza mbwa apelekwe kwa muda kwa Mama Ng'washi, maana akiwepo Simba hakuna kitakachofikia hatua ya kuoza.

6. Mkaa. Hujawahi kununua, unapikia mabua ya pamba. Nunua gunia uliweke tu mlangoni.

7. Kuhusu ngitili. Hili nalo lazima niseme. Kaya inayoshinda hutembelewa na mgeni rasmi, naye hupanda mti. Bila mgeni kupanda mti hakuna sherehe, na bila sherehe hakuna picha ya "baada". Sasa Bi Eufrasia aliuliza sisi tumepanda miti mingapi. Nikaeleza kwa fahari kuhusu ngitili, ile hifadhi ya malisho aliyoiacha babu: kwamba kila mvua zinapoanza tunaifunga, ng'ombe haingii, jembe haliingii, nyasi zinapanda na migunga inaota yenyewe, mpaka kiangazi kikikaza ndipo tunaifungua ili mifugo ipate kula. Nilidhani hapo nimeokoka. Akaniuliza, "Nani alipanda?" Nikasema hakuna, babu alikataza watu tu. Akasema, "Miti iliyojiotea haina aliyeipanda, na isiyo na aliyeipanda siwezi kuiandika." Nikaona kweli, safu yenyewe imeandikwa "miti iliyopandwa".

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Naomba upande wa mbele wa ngitili ufyekwe, eneo la kutosha hema, viti vya wageni, spika, na mahali pa kuegesha magari, ili pawe wazi na penye huzuni, na mgeni rasmi apande mti mmoja katikati. Bi Eufrasia amependekeza kwamba uwanja ukiwa mkavu kabisa picha hutoka vizuri zaidi. Najua utauliza ng'ombe watakula nini kiangazi. Nimelifikiria. Kwenye semina tumeelezwa kwamba ng'ombe akicheua hutoa hewa inayoipasha dunia joto. Wakikosa majani watacheua kidogo. Kwa maana hiyo kukonda kwao nako kunaingia kwenye mafanikio ya kaya, na naweza kukuandikia safu yake.

Nimesoma tena aya hiyo, Mama, na nimeogopa, lakini sioni ilipokosea kimantiki.

Usidhani naandika haya nikiwa nimestarehe. Tangu mkataba uanze kuisha nimekuwa mtu wa kushtuka. Mlango ukifunguka nasimama. Siku nilipopata kazi hii ulitangaza kwenye jumuiya kwamba mwanao anakaa ofisi yenye feni, mkaimba, na katekista akasema vijana waige mfano. Sasa nitapitaje pale kanisani nikiwa na begi mgongoni? Watasema nimefukuzwa kwa wizi. Nitawaambiaje kwamba nimefukuzwa kwa sababu mama yangu anapika kwa mabua? Nimewaza hata kurudi nyumbani mwenyewe, nikae hapo na tabia nilizozoea mjini, niache bomba likitiririka na kutupa chakula, kaya ipate cha kuacha. Lakini nyumbani hakuna bomba, na nikirudi maana yake nimeshakosa kazi. Kila upande nimefungwa.

Kwa hiyo nakuomba, siyo kama karani, ila kama mwanao: uwe mbaya kidogo. Mwezi mmoja tu. Dada Wema atakuja kupiga picha ya "kabla" upya, ataona chupa, ataona maji njiani, ataona taa inawaka juani. Baadaye utarudi kuwa wewe, tutaliita hilo "badiliko la tabia", mstari utapanda kupita hata wa mama yake Justina, nami nitabaki na meza yangu. Ukishaanza uharibifu, tafadhali nijulishe kwa ujumbe mfupi. Andika tu "tayari", usifafanue.

Msalimie sana Baba mdogo Masalu, na bibi, umwambie dawa ya macho nitaileta. Msalimie Mama Ng'washi na umwombe radhi kwa mbwa na kwa pikipiki. Msalimie katekista, lakini kwa ufupi. Wasalimie na ng'ombe wote, hasa yule mwenye baka, kwa kuwa nimewaandikia mabaya ilhali hawajui.

Nakutakia uharibifu mwema, mimi niliye mwanao mwenye hofu na utii,

Nkinda Mboje,
Karani wa Masjala.

Nakala: Baba mdogo Masalu (asisomewe namba 4 wala namba 7, na fimbo iwekwe mbali).

N.B. Mama, kama hujaanza, usianze! Kama umeanza, acha mara moja. Mchicha uendelee kunyweshwa, taa izimwe, Simba arudishwe nyumbani, na panga lisiguse ngitili hata tawi.

Imetokea hivi. Nilichapa barua hii kwa mashine ya ofisi, nikaenda kutafuta bahasha, na niliporudi mashine ilikuwa tupu. Bi Eufrasia alikuwa amesimama dirishani anaisoma. Alisoma mpaka mwisho, akarudia namba moja, namba mbili na namba tatu, kisha akafunga mlango na kukaa kwenye kiti changu. Alikuwa na macho ya mtu aliyechoka.

Akaniambia jambo ambalo nakuomba lisifike kwenye jumuiya. Yeye pia ameandikisha kaya yake, na mabaya anayo yote. Bomba la bustanini linavuja tangu wahamie. Taa za uzio zinawaka mchana kutwa. Gari linawashwa kwenda dukani ng'ambo ya barabara, na mume wake hakubali hata kuzima televisheni ya chumba ambacho hakai mtu. Picha ya "kabla" ilitoka nzuri kuliko zote tulizowahi kupata. Lakini kila wakijaribu kuacha kitu kimoja nyumba nzima inanuna, na wageni wa mradi wanakuja wiki ijayo. "Mimi nina kabla, sina baada," akasema. "Na wewe, Nkinda, mama yako ni baada tupu."

Ameshausaini mkataba wangu, Mama. Niko kazini!

Yeye na mume wake watafika kwako Alhamisi na mpiga picha, wapige hapo "baada" ya kaya yao. Bi Eufrasia atasimama mlangoni ameshika ungo wako wa michembe, na mume wake ataishika baiskeli ya Baba mdogo, hataipanda. Ngitili wataipiga kwa mbali ionekane yote. Naomba mfagie, na Baba mdogo aende mnadani mapema, kwa miguu. Mwanzoni walitaka na wewe usionekane, lakini nimekupigania, na Bi Eufrasia amekubali ubaki kwenye picha. Utakaa pembeni kidogo, na kalamu na daftari, kama jirani aliyekuja kujifunza.