Dirisha Jeupe

Jumatatu, 17 Machi

Robow amefanya tena! Nimefungua duka asubuhi, nikatazama duka lake ng'ambo ya barabara, na nini? Sanamu zake tatu zimevaa diraa za rangi ya machungwa, mguu mmoja mbele, mkono kiunoni. Mkono kiunoni! Mkao huo niliubuni mimi wiki iliyopita. Sanamu zake hazina hata vichwa, lakini kuiba zinajua.

Nieleze kwa mpangilio, maana hata shajara inahitaji mpangilio. Duka hili la nguo za kike ni la mke wangu, Gatwiri. Yeye anauza, Akuam anashona, na mimi, tangu nistaafu ualimu, nina dirisha. Kila msimu navalisha sanamu zetu. Watu hudhani ni kazi ya mchezo. Mkono wa sanamu lazima ung'olewe kwanza, upitishwe kwenye mkono wa gauni, kisha urudishwe begani kwa kuzungushwa. Ukisahau, nguo inachanika kwapani. Gauni likipwaya unalibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, na mbele linakaa kama limeshonewa hapo hapo. Robow amejifunza yote haya kwa kuchungulia.

Gatwiri ameniambia nipunguze hasira, huu ni mwezi wa Ramadhani, jirani amefunga na ana njaa. Nimemjibu kwamba ndiyo maana huu ndio wakati wa kumshinda.

Jumanne, 18 Machi

Habari kubwa! Bi. Kinsi, mama wa Kisomali wa Sericho, amempigia Gatwiri simu. Binti yake, Fartun, anaolewa baada ya Idd. Jumamosi wanakuja mjini, yeye, binti na mashangazi, kununua nguo za bibi harusi na za wanawake wote wa familia. Njia ni ndefu, mgongo unamuuma, hana nguvu ya kuzunguka madukani. Ataangalia dirisha letu na la Robow, aingie panapompendeza.

Nikasema, basi, nguo zimeuzika. Gatwiri akavua miwani. Kwake hiyo ni dalili mbaya.

"Baba Kanana, dirisha hilo limetuletea nini tangu Krismasi?"

Nilimkumbusha kwamba Krismasi nilizivalisha sanamu masweta mazito kwa sababu Krismasi kwa asili yake ni sikukuu ya baridi. Akasema hapa Isiolo watu walikuwa wanapita wakiwa wamejifunika magazeti kwa jua, wakizionea huruma sanamu. Kisha akatoa hukumu. Bi. Kinsi akiingia kwa Robow, dirisha anapewa Ekuam, fundi wa simu, aweke meza yake. Na mimi? Mimi nitakunja nguo kule nyuma.

Mwalimu mkuu mstaafu! Kukunja nguo nyuma! Mimi ni mtu mvumilivu, lakini kalamu imetoboa karatasi hapa.

Jumatano, 19 Machi

Nimepata mbinu. Robow anapenda makuu: dhahabu ya bandia shingoni, bangili hadi kwenye kiwiko, rangi za kuumiza macho. Basi mimi nitafanya kinyume chake. Nyeupe! Nyeupe tupu, kutoka kichwani hadi miguuni. Pamba, si kitambaa cha kumetameta. Hakuna mkufu. Hakuna bangili. Bibi harusi katikati, mashangazi wawili pembeni, wote vichwa vimefungwa vitambaa vyeupe.

Sababu ni wazi kwa mtu aliyesoma. Nyeupe ni usafi. Kanisani kwetu bibi harusi huvaa nyeupe. Mahujaji huvaa nyeupe. Kwa hiyo dini zote mbili zimekubaliana, na mimi nimewafupishia kazi.

Akuam amenuna. Juzi alishinda akizichora sanamu hina mikononi, maua mazuri, nakubali. Nimezisugua kwa sabuni na brashi hadi hina ikatoka, ikabaki alama hafifu tu. Amesema Mwalimu angechukua brashi hiyo akasugue sufuria nyumbani, Mama Kanana angefurahi. Vijana hawa!

Gatwiri ameshauri niulize jirani yeyote wa Kisomali kwanza. Nimwulize nani? Nimefundisha mji huu miaka mingi. Nimealikwa harusi zao zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Nimekaa na wazee upande wa wanaume, nimekula pilau na nyama ya ngamia, na nimerudi nyumbani nikijua mila zote. Kwamba bibi harusi huwa upande wa wanawake na sijawahi kumwona hata mmoja, hilo ni jambo dogo.

Ijumaa, 21 Machi

Dirisha limekamilika. Zuri mno! Watu wanapita wakinyamaza. Mzee mmoja amevua kofia.

Baada ya swala Robow amevuka barabara. Amesimama mbele ya kioo muda mrefu, kisha akaingia na sauti ya chini.

"Salaam aleikum, Mwalimu. Kwenu salama?"

Nikamwambia salama kabisa.

"Hakuna mtu amefariki?"

Nikamjibu hakuna, labda biashara yako kesho. Hakucheka. Amesema niongeze rangi kidogo. Angalau dhahabu. Angalau hina. Ameniomba kwa heshima ya mwezi huu mtukufu, akaanza kunieleza jambo fulani kuhusu nyeupe. Hakumaliza! Nimemwambia katika barabara hii anayeeleza mambo ni mimi. Ameinua mikono, akaondoka akitikisa kichwa.

Mtu anayekuja kukuomba ubadilishe dirisha lako ameshashindwa. Nimekula vizuri leo.

Jumamosi, 22 Machi

Sijui nianzie wapi.

Wamefika kabla ya saa sita. Bi. Kinsi, mashangazi wawili, na Fartun mwenyewe, msichana mcheshi, anacheka tangu aliposhuka garini. Wakafika kwenye dirisha letu. Kicheko kikakatika. Wakanong'ona, wakarekebisha mitandio, wakaingia kwetu. Kwetu! Nikamkonyeza Gatwiri.

Bi. Kinsi akamshika Gatwiri mikono yote miwili.

"Poleni sana, dada. Mungu awape subira. Nani ametutoka?"

Shangazi mkubwa akainua viganja, akaanza dua. Akuam kusikia msiba, akadhani ni mama yake Gatwiri, akaangua kilio juu ya cherehani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sikusikia vizuri. Niliona tu nyuso za heshima. Nikajitokeza nikasema asanteni, asanteni, ni kazi ya siku mbili tu, na nimeifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Wakanitazama kama muuaji.

Basi nikafafanua. Nikaonyesha sanamu ya katikati, nikasema huyu ndiye bibi harusi. Nikachukua gauni jingine kama lile, nikalinyoosha mbele ya Fartun ili mama aone urefu.

Bi. Kinsi akalipokonya.

"Mwalimu! Unamvalisha mtoto wangu eda kabla hajaolewa?"

Eda, kwa atakayesoma haya nikiwa sipo, ni kipindi cha mjane kukaa baada ya mumewe kufa. Kumbe kwa Wasomali mjane huvaa nyeupe tupu, bila dhahabu, bila hina, hadi kipindi kiishe. Tupu! Ndivyo nilivyofanya hasa, na kwa ustadi mkubwa.

"Bwana harusi yuko hai," Bi. Kinsi akasema, "yuko Garbatulla anapaka nyumba rangi. Asubuhi amekula daku vizuri. Nyinyi mmeshamzika!"

Shangazi mdogo, mwenye ulimi kama wembe, akaenda dirishani akachunguza. Akauliza mikono hii ni nani aliisugua hina ikatoka. Kisha akauliza, wajane watatu dirisha moja, mume wao alikuwa mmoja? Fartun alicheka kidogo, halafu akaanza kulia. Mama yake akamfunika kichwa kwa mtandio wake mwenyewe, kama mtu anayemkinga na mvua, akamtoa nje.

Wakavuka barabara. Nimekaa dirishani kati ya sanamu zangu nikiwatazama wakitoka kwa Robow na mifuko. Nyekundu, kijani, machungwa. Mifuko hadi chini ya kwapa.

Gatwiri hakupiga kelele. Amempigia Ekuam simu.

Na Robow? Alijua! Alijua tangu Ijumaa! Alikuja akaacha maneno nusu makusudi ili niangamie. Jirani wa aina gani huyu?

Jumapili, 23 Machi

Ekuam amekuja baada ya ibada kupima dirisha kwa futi. Amepiga misumari miwili ya kutundikia nyaya za chaja. Akaniuliza, kwa adabu zote, hawa akina mama watatu tutawapeleka wapi.

Jioni Gatwiri amelainika kidogo. Amesema kinachomuuma si nguo, ni yule msichana aliyetoka analia dukani kwake. Bi. Kinsi bado yuko mjini kwa jamaa zake hadi kesho. Niende, niombe msamaha, nipeleke zawadi ya bibi harusi. Moyo wa mama ukitulia, dirisha ni langu. Usipotulia, nikazoee kule nyuma.

"Na usieleze kitu, Baba Kanana. Omba tu."

Jumatatu, 24 Machi

Sijalala vizuri, lakini niko tayari. Msamaha nimeuandaa kwa sehemu tatu: utangulizi, historia ya rangi nyeupe duniani, na hitimisho. Kuomba msamaha bila kueleza ni kumwacha mtu gizani, na mimi sikusomea kuwaacha watu gizani.

Robow amevuka asubuhi na mapema. Amenipa diraa nyekundu iliyotariziwa, nzuri, eti nimpelekee Fartun niseme imetoka kwangu, na nisimtaje yeye. Nimeikataa! Mbinu ya wazi kabisa. Anataka niingie kwa Bi. Kinsi nikiwa nimebeba nguo ya duka lake. Nimemwambia zawadi ninayo, nimeifunga mwenyewe kwenye gazeti.

Ameuliza ni nini. Pembe ya kitambaa cheupe ilikuwa inachungulia. Ameigusa, akakaa chini kwenye ngazi yetu, akashika kichwa kwa mikono miwili. Funga inamchosha, maskini. Nimemwonea huruma kwa mara ya kwanza.

Juzi yule mama alikuwa na haraka, hakupata nafasi ya kuiona kazi. Nimeipiga pasi mara mbili. Nimeongeza na kitambaa cha kichwa. Fartun akiivaa dakika moja tu mbele ya kioo, huku mimi nikisoma sehemu ya pili, watanielewa wote.

Nimemwambia Ekuam asiunganishe umeme bado. Jioni atalazimika kung'oa misumari yake.