Ndama Wangu Mirta Hajaharisha Hata Siku Moja

Plaun da Crap, 23 Mei

Kwa Profesa Regula Zuberbühler,
Mkuu wa Utafiti wa Virusi vya Kuhara kwa Ng'ombe

Mheshimiwa Profesa,

Natumaini barua hii, ambayo ni ya nne, itakukuta mzima wa afya, ingawa kwa mujibu wa utafiti wako uzima wa afya si ushahidi wa chochote. Mimi ni Risch Candrian, mfugaji. Ofisi yako imeagiza ndama wangu jike aitwaye Mirta achinjwe. Naomba, kwa heshima zote, agizo hilo lifutwe kabla ya katikati ya Juni, siku ambayo ng'ombe wa kijiji kizima hupandishwa pamoja malisho ya mlimani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ugonjwa mmeuita wa kuhara. Mirta ana miezi mitano na hajaharisha hata siku moja. Kinyesi chake nakikagua mwenyewe asubuhi na jioni, na niko tayari kukuletea ofisini ujionee. Aliyeharisha hapa nyumbani ni mimi, baada ya arusi ya binamu yangu, na hakuna aliyeniandikia agizo.

2. Hukumu imetokana na kinyama cha sikio kisichozidi punje ya dengu, kilichokatwa siku aliyovishwa hereni yake ya namba. Ndama mwenyewe, kilo mia moja na hamsini, hakuulizwa. Nilipolalamika, ulimtuma mtaalamu wako Bwana Wipfli. Alivaa mifuko ya plastiki miguuni, akasema: "Mzee Candrian, tumepima mara mbili. Ni huyu huyu." Nikamjibu: "Basi pima na ya tatu, labda virusi vimechoka kukusubiri." Hakucheka. Mtu asiyecheka zizini mwangu simkabidhi sikio la mnyama wangu.

3. Mnasema alivipata virusi tumboni mwa mamaye, mimba ikiwa changa, hivyo mwili wake ukadhani ni sehemu yake. Haupigani navyo, na atavimwaga maisha yake yote, na ng'ombe wenye mimba walio karibu naye watazitupa, huku yeye akiwa mnene na mchangamfu. Profesa, nimekaa miaka ishirini na miwili katika baraza la kijiji. Watu wa namna hiyo nawajua kwa majina. Wanene, wachangamfu, wanaambukiza kila kikao, na wamekuwamo muda mrefu hata kijiji kinadhani ni viungo vyake. Naomba wavishwe hereni wao kwanza.

4. Mnadai mamaye aliambukizwa kwenye maonyesho ya ng'ombe mwaka jana. Huu ni uzushi. Pale alisimama bega kwa bega na ng'ombe warembo kuliko wote bondeni, wameogeshwa kwa shampuu na kuchanwa mikia. Waamuzi watatu wenye mashati meupe walimshika kiwele, kisha wakamshika wa jirani, kisha wakarudi kwake, bila kunawa, kama walivyofanya babu zetu, wakampa tuzo ya kiwele bora. Sasa hapo virusi vingepitia wapi?

5. Ramani ya utafiti wako imeweka nukta nyekundu juu ya zizi langu. Hamkuandika jina, lakini juu ya mlima huu kuna zizi moja tu. Tumaisch, msimamizi wa malisho ya mlimani, sasa hunikaribisha kwenye meza ya karata hivi: "Karibu Risch, ila karata zako shika mwenyewe, tutaziona kwa mbali." Mwanamume huyu hupiga chafya juu ya jibini ya kila mtu.

6. Mama yake Mirta alikufa siku ya tatu baada ya kuzaa. Nimemlea kwa mkono. Anaijua hatua yangu, na huita kabla sijagusa mlango. Nampenda, Profesa, na sioni haya kuandika hivyo. Katika majedwali yako nimetafuta safu ya jambo hilo, sikuiona.

Kwa hiyo napendekeza utafiti wa haki. Wewe na wataalamu wako wote mlale zizini na Mirta kwa miezi mitatu. Nyasi kavu nitatoa mimi. Ikiwa hakuna atakayeharisha, apewe cheti cha usafi na barua ya kuombwa radhi, isomwe kanisani.

Nisalimie mumeo, watoto, Bwana Wipfli na hadubini zenu zote. Nabaki mtiifu wako, ila si katika jambo hili,

Risch Candrian

N.B. Theluji iliangusha paa la zizi la dada yangu Barla, huko kijijini, na tangu Februari ng'ombe wake sita, wote wenye mimba, wanalala zizini mwangu. Jana ng'ombe wa tatu kati yao alitupa mimba. Barla alichukua fagio. Alifagia, kisha akaniuliza kama nimekunywa kahawa. Hao sita ndio wote alio nao. Mje Alhamisi saa tatu asubuhi. Nitakuwa nimepeleka maziwa. Mirta hapendi kuvutwa kwa kamba. Mpeni kidole anyonye, atawafuata mwenyewe mpaka kwenye gari.