Mazoezi ya Mtungi na Nepia

Jumatatu, 20 Aprili 2020
Shule zimefungwa, mikusanyiko marufuku, na uwanja wetu hapa Muthara umekuwa malisho ya mbuzi. Wasichana wa timu yangu wako makwao wananenepa. Munyi, kocha wa kijiji jirani, anawatumia wachezaji wake video za mazoezi. Mwenye maringo huyo! Sasa nasikia anammezea mate Kajuju, mshambuliaji wangu, ahamie timu yake. Bila Kajuju sina timu, nina kwaya. Lazima nimweke fiti huko huko kwao. Namshukuru Mungu kwa kunipa akili.

Jumatano, 22 Aprili
Nimetuma mazoezi kwa ujumbe mfupi, maana wazazi wengi wana kabambe, simu ndogo zisizofungua video. Aibu tupu. Baba mmoja alijibu kwamba binti yake hawezi kurukaruka uani kama ndama huku maharagwe yakimezwa na magugu. Mama Kajuju aliuliza leo nimetafuna miraa kiasi gani.
Nikawaza. Nikatuma ujumbe mwingine: mazoezi rasmi ya timu ni kubeba mtungi wa maji kutoka mtoni kwa mkanda wa kichwani, kukata nepia, zile nyasi za ng'ombe, na kupalilia. Wazazi wote walikubali kabla chai yangu haijapoa. Munyi abaki na video zake.

Jumapili, 26 Aprili
Baraka juu ya baraka. Nimeletewa mkungu wa ndizi, maziwa, na kuku mzima. Mama Kajuju alisema hajawahi kuona kocha anayewajali wazazi hivi. Niliguswa, karibu nilie.
Nikiwa mezani na mke wangu, Kajuju akapiga simu. Alisema tangu ule ujumbe hajagusa mpira. Akitaka kupumzika anaambiwa kocha amesema. Kaka zake wameacha kazi zote, wamelala kivulini wanamhesabia mitungi. Akamalizia kwa upole kwamba mambo yakifunguliwa anahamia kwa Munyi, na wenzake watamfuata. Kuku alinikwama kooni.

Jumanne, 28 Aprili
Nilienda kwa kina Kajuju na barakoa yangu, nikasimama nje ya ua. Nikamweleza mama yake kwamba mshambuliaji hakomai bila wapinzani, hivyo sayansi inataka kaka zake nao wabebe maji. Alifikiri kidogo, akawatupia mitungi. Mungu ambariki mama yule.
Kajuju akapata nafasi. Nikamrushia mpira juu ya ua aupige kwa kichwa. Sikujua shingo iliyobeba maji mlimani siku zote hizo imekuwa ngumu kiasi gani. Mpira ulinipata puani. Nikaanguka chali kwenye nepia, barakoa imejaa damu, namshukuru Mungu kwa sauti. Kajuju alicheka hadi akakaa chini. Alisema atabaki, mradi nisitume tena ujumbe kwa wazazi kabla ya kuwauliza wachezaji. Niliapa.

Alhamisi, 30 Aprili
Pua imevimba kama nduma. Lakini moyo umejaa shukrani. Timu ninayo, Kajuju ninaye, na mke wangu Karimi ananikanda kwa maji moto bila kunicheka sana. Alisema anatumaini nimejifunza. Nilimwambia nimejifunza mpaka basi.
Shida ni kwamba kwa pua hii siwezi kuinama, na ng'ombe wetu hana nepia. Hapo nikakumbuka jinsi mabeki wangu walivyo wazito kuinama. Nimetuma ujumbe mmoja tu, mdogo: mazoezi maalumu ya mabeki, mmoja mmoja, shambani kwa kocha, kila mtu na panga lake. Wazazi wameshaanza kunibariki.
Simu inaita. Ni Kajuju. Bila shaka naye anataka kushukuru.