Minara ya Kaiping na Kontena Nne za Bi Kazija

Alhamisi, 18 Oktoba 2007

Bi Kazija ametua Guangzhou! Kontena nne msimu huu, na wakala wa kumpakilia bado hajamchagua. Mimi sijapakia hata katoni tangu Julai. Nikimkosa, narudi Tanga kumsaidia shemeji kwenye duka lake la baiskeli, na shemeji ana tabia ya kunicheka mbele ya wateja.

Tatizo ni Hafidh. Jirani yangu wa ofisi, wakala kama mimi, meno nje wakati wote. Leo kampelekea mama wa watu sambusa hotelini. Sambusa! Mwanamume mzima.

Ijumaa, 19 Oktoba

Wazo limenijia nikitoka msikitini. Jumapili hadi Jumatano maonyesho ya biashara ya Pazhou yanapumzika, wateja wanabaki hotelini wakitazama dari. Nitamtoa Bi Kazija nje ya mji kabisa, yeye na wenzake kumi wa Unguja. Nitawatembeza Kaiping: miji ya kale, minara ya ghorofa tano iliyosimama katikati ya mpunga, nguzo na mapambo ya baroko kama Ulaya. Hafidh atabaki na sambusa zake zikipoa.

Baroko ni nini, sijui. Nimemwajiri Elinami, binti wa Arusha anayesomea uhandisi hapa kwa ufadhili, Kichina anakinywa kama maji. Nimemwambia kazi yake ni kutafsiri tu. Historia nitaieleza mwenyewe. Akauliza nimeisoma wapi. Vijana hawana adabu.

Jumamosi, 20 Oktoba

Basi limepatikana! Laoban, yaani bosi mwenye basi, alitaja bei, nikacheka. Nikaandika yangu kwenye kikokotoo, chini ya nusu. Mei you, akasema, hakuna. Nikaondoka polepole bila kugeuka, kama tufanyavyo Zhanqian Road tukitaka jinzi. Hatua ya nne, naitwa! Akakubali bei yangu, kisha akapunguza tena bila kuombwa na kunipa mkono. Miaka sita China sijapewa heshima ya namna ile.

Jumatatu, 22 Oktoba

Mungu wangu.

Tumeondoka saa moja asubuhi, wanawake wanaimba, mimi nimeshika kipaza sauti. Nimewaeleza kuwa minara ilijengwa na mfalme wa Italia aliyemkimbia mkewe. Makofi! Elinami akatazama dirishani.

Tulipofika Foshan basi likakata kona, likaingia kwenye duka la vigae kubwa kama uwanja wa ndege. Dereva akazima injini. Elinami akaenda kuuliza, akarudi ameuma midomo: kwa bei ile niliyolipa, bidhaa ni sisi. Duka ndilo linalomlipa mwenye basi, na hatutoki kabla hatujamaliza saa mbili humo ndani. Nikaomba ardhi inimeze.

Ingenimeza peke yangu. Wenzangu walikwishashuka mbio! Nani kati yao hajengi nyumba? Bi Kazija akanishika bega: "Msabaha mdogo wangu, kumbe una akili, unajificha tu!" Nikamwambia nilitaka kumshtukiza.

Na nani anachomoza nyuma ya masinki? Hafidh! Kila Jumatatu huja pale kuwachagulia wateja wake vigae. Yaani nimemtorosha Bi Kazija mji mzima nikamkabidhi mikononi mwake. Anajua kigae gani kinateleza, kipi kinapauka kwa jua la pwani. Saa mbili zikawa nne. Kisha akakaribishwa basini, akapewa kiti cha mbele. Changu.

Kaiping tukafika saa nane mchana. Bibi mtunza mnara akamweleza Elinami historia yenyewe. Hakuna mfalme. Watu wa pale walikwenda ng'ambo kujenga reli na kufua nguo za wageni, wakatuma fedha nyumbani, na nguzo za Ulaya wakazinakili kutoka kadi za posta. Mwenye mnara ule aliulala majuma mawili, akarudi kazini. Basi, hakuonekana tena.

Bi Kazija akasema, "Mie nyumba yangu ya Mbweni ina roshani tatu. Nimeilala siku kumi na moja."

Wakaangua kicheko hadi njiwa wakaruka, kisha wakapiga picha kila nguzo wawapelekee mafundi wao. Hafidh akanipiga mgongoni: "Mfalme wa Italia, shikamoo!" Hata mimi nimecheka, ingawa sikutaka.

Jumanne, 23 Oktoba

Bi Kazija ametuita sote wawili. Nimevaa suti. Hukumu ikatoka: Hafidh anajua vigae, mimi najua nguo za soko la Liuhua, na yeye hajacheka vile tangu amzike mumewe. Kontena zote nne tupakie pamoja, ofisi moja, bango moja. Ila mmoja akimfanyia mwenzake hila, kazi hatuna wote.

Sirudi Tanga! Nimemkumbatia Hafidh. Ananukia iliki.

Jumatano, 24 Oktoba

Hafidh sasa ni ndugu yangu. Ndiyo maana nimejitolea kushughulikia bango peke yangu, asisumbuke. Jina langu limekaa juu, herufi za shibiri moja. La Hafidh nalo lipo. Mteja akichuchumaa ataliona.

Maandishi ya Kichina ningemwomba Elinami, lakini angeanza maswali yake. Nimeyanakili mwenyewe, mstari kwa mstari, kutoka bango la duka la mtaani, lile lenye bata wa kuchoma walioning'inizwa dirishani. Herufi nene, nyekundu, za kuvuta wateja. Fundi wa mabango aliyasoma, akanitazama, akamwita mkewe, wakacheka wote mpaka machozi. Watu wa Guangzhou wanapenda sana kuona mgeni akifanikiwa.