Jina la Mama Mbele ya Maiki

Wenzangu, nimejiaibisha kanisani leo, tena mbele ya baba yangu mzazi. Saa hii nimejificha nyuma ya jiko la kaka yangu hapa Magunga. Sitoki.

Ilikuwa hivi. Kaka yangu Ouma na mkewe Akoth wana mtoto mchanga wa kike. Walimpa jina la mama yetu aliyetutoka, Herine. Wakaniomba mimi, shangazi yake, niwe msimamizi kwenye ubatizo. Kazi yenyewe ni ndogo: unambeba mtoto, unaulizwa jina, unalitaja. Basi. (Hata kasuku angeiweza.)

Nilitoka Migori alfajiri na kitenge kipya. Kanisani baluni za Krismasi zilikuwa bado zinaning'inia, nyingine zimenywea. Baba alikaa benchi la mbele na koti lake zito. Mama aliimba kwaya katika kanisa hilo hadi alipougua, na Baba alikuwa amewatangazia majirani wote: "Jumapili Herine anarudi kanisani."

Leo ilikuwa Epifania, kwa hivyo mahubiri yalikuwa ya mamajusi. Lakini mchungaji aliwapita mamajusi haraka, akatua kwa Herode. Hapo hakutoka tena.

"Mfalme mzima, ana askari, anaogopa mtoto ambaye hata jino hana! Mwambie jirani yako: Herode anaogopa!"

Tukageukiana. "Herode anaogopa!"

"Sijasikia! Nani anaogopa?"

"Herode!" Mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote. (Nilitaka wajue kwamba hata Migori tunaomba.)

Tukaitwa mbele. Mtoto mikononi mwangu, Akoth kando yangu, Ouma akinyoosha koti la Baba aliyekuja kusimama nasi. Mzee wa kanisa akaniwekea maiki mdomoni.

"Msimamizi, mtoto huyu aitwe nani?"

"Herode."

Spika zikalifikisha hadi sokoni. (Hata ningesema hereni, ningekuwa karibu!)

Mimi mwenyewe sikusikia nilichosema. Na mchungaji, ambaye jina hilo lilikuwa limemkaa mdomoni asubuhi yote, hakushtuka hata kidogo. Akachota maji. "Herode, ninakubatiza kwa jina la Baba..."

Maji yakamwagika. Mtoto akalia. Mimi natabasamu tu!

Bibi mmoja akasimama huko nyuma. "Yawa! Nyathini en nyako! Huyo mtoto ni msichana!"

Kisha mtu mmoja wa kwaya akachekea puani, na kwaya nzima ikamfuata.

Akoth akanigeukia. "Anti, umesema nani?"

Nikafungua mdomo nijirekebishe. Jina la mama aliyenizaa! Likakataa kutoka. "He... He..." Nikabaki kuhema kama mbuzi aliyekimbizwa.

"Herine, Mchungaji," Ouma akasema. "Ni Herine."

Mchungaji alisimama na maji yakimdondoka kiganjani. Nikaingiwa na hofu kweli. Je, tayari ameshakuwa Herode? Nikamnong'oneza, "Mchungaji, inaweza kufutika?"

Maiki ilikuwa bado mdomoni. Kanisa lote likasikia. Wakaangua kicheko, hata wazee wa kanisa.

Mchungaji hakucheka. Akasema taratibu, "Dada, anayebatiza ni Mungu, na Mungu hajakosea jina la mtoto." Akaanza upya. "Herine, ninakubatiza..." Nilimshika mtoto huku machozi yananitoka. Watu walidhani ni furaha. Ilikuwa aibu, wenzangu, aibu tupu.

Ibada ilipoisha, akina mama walijipanga mlangoni kumsalimu Akoth. "Mama Herode, hongera!" Alijibu kila mmoja huku akinitazama mimi.

Nikamfuata Baba kando ya ukuta wa kanisa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba msamaha. "Baba, nisamehe. Sijui jina la Mama lilinipoteaje."

Alifunga kifungo cha koti. Akakifungua. Akakifunga tena.

"Atieno," akasema, "mama yako alikuwa mkali. Lakini si kiasi hicho."

Akaondoka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mpaka sasa sijui kama alikuwa analia au anacheka.

Mtoto mwenyewe amenyonya, amelala, hana neno na mtu. Nyinyi mlio macho, tafadhali, msicheke.